Nusu ya kazi ni kubandika tepu

Kwenye kipindi kilichopita niliropoka kwamba nusu ya kazi yangu ni kubandika tepu. Mwenzangu alicheka mpaka ikabidi tukate ile sehemu, halafu meseji zikaanza kuingia: yaani umesoma uinjinia miaka yote hiyo ili ubandike tepu? Ndiyo. Ngojeni niwaeleze.

Karakana ninayofanyia kazi hapa Uingereza inapaka vyuma mipako migumu. Si rangi. Tuna bunduki inayochoma oksijeni pamoja na gesi au mafuta ya taa, ndugu yake yale ya jiko la bibi. Moto wake unatoka kwa kasi inayopita sauti. Ndani yake tunapitisha unga wa tangisteni kabaidi wenye kobalti. Chembe zinalainika, zinagonga chuma kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, zinabamizika kama chapati na kushikana. Kinachobaki ni ganda la milimita 0.1 mpaka 0.3 hivi, gumu kiasi kwamba ukitaka kulisaga unahitaji jiwe la almasi.

Ganda hilo limechukua nafasi ya kromu kwenye miguu ya ndege nyingi, ile inayobeba magurudumu. Kemikali ya kupakia kromu husababisha saratani, na tangu tarehe 21 Septemba 2017 Umoja wa Ulaya hauruhusu itumike bila kibali maalumu. Fundi wa kromu alifunika sehemu zake kwa nta. Kwetu nta ingeyeyuka kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Sasa, bunduki haichagui. Shafti moja ina sehemu inayotakiwa kupakwa, na sentimita mbili pembeni kuna kiti cha beringi kisichotakiwa kuguswa kabisa. Kuna matundu, kuna nyuzi za bolti. Vyote hivyo lazima vifunikwe, na watu wengi hudhani adui ni joto. Joto lipo, lakini kinachoua tepu hasa ni kupigwa. Kabla ya kupaka, chuma kinapigwa mchanga mkali wa alumina ili kikwaruzike na mpako upate pa kushika. Halafu zinakuja zile chembe. Tepu inayovumilia bunduki za polepole, hapa inachanika.

Kwa hiyo tunatumia tepu nene ya kitambaa cha nyuzi za kioo, wakati mwingine yenye mpira wa silikoni juu yake, kwa sababu mpira unadundisha mchanga badala ya kuliwa nao. Matundu tunayaziba kwa vizibo vya silikoni au grafaiti. Kazi ikijirudia sana, tunachonga kifuniko cha chuma.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu shafti. Niliifunga tepu nyembamba iliyobaki kwenye kazi nyingine, tabaka moja. Baada ya mchanga niliona ukingo umeanza kutoa nyuzi. Niliuona, nisiwadanganye. Kubadilisha tepu baada ya mchanga ni tabu: gundi ikigusa pale palipokwaruzwa, mpako haushiki, hata alama ya kidole inatosha kuharibu. Mzee mmoja anayefunika vyuma tangu mimi niko shule ya msingi alipita, akaitazama, akanitazama, akauliza kama nimeridhika. Nikasema ndiyo. Roboti ikaanza.

Tepu ilifunguka katikati ya kazi. Mpako uliorukia kwenye kiti cha beringi ungeweza kuondolewa, kuna njia. Lakini mchanga ulikuwa umeshapenya chini ya ukingo na kula chuma chenyewe, na chuma kilicholiwa hakirudi. Kipimo kilikuwa kimepungua kuliko kinachoruhusiwa. Shafti ilikwenda kwenye pipa la vyuma chakavu kwa sababu ya tepu ya bei ya chai na keki. Yule mzee hakuniambia neno. Afadhali angenifokea.

Siku hizi ukingo ukitoa hata uzi mmoja, tunafungua, tunasafisha, tunaanza upya. Zamu inachelewa, meneja anakunja uso, basi.

Kuna kitu kingine nilichokuja kukielewa baadaye, nacho ni ukingo wa mpako wenyewe. Mpako haujui tepu imeanzia wapi. Unapanda juu yake na kuungana, kwa hiyo ukivuta tepu hovyo, unang'oa na kipande cha mpako mzuri. Kifuniko cha chuma kinasaidia kwa sababu tunakiweka juu kidogo bila kugusa kazi, na mpako unapungua taratibu chini ya kivuli chake. Tepu inataka mkono.

Kwenye familia yetu mtu pekee aliyeelewa haya bila mchoro ni mjomba wangu wa Tanga, fundi rangi wa magari. Nilimpigia baada ya zile meseji zenu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kumbe na nyinyi mnafunika? Mnatumia gazeti?"

Nilimwambia gazeti lingeondoka na moto. Alicheka, halafu akauliza swali ambalo mimi nililipata baada ya mwaka mzima: tepu mnaivua saa ngapi? Kwake, rangi ikikauka kabisa ukingo unameguka, kwa hiyo anaivua mapema. Nikamwambia sisi tunavua chuma kikiwa bado cha uvuguvugu, gundi ikiwa laini, isije ikaacha ugando.

"Haya," akasema. "Na vidole mnaunguza?"

Tunaunguza, mjomba.