Ploti ya Rafiki: Bei Uliyoambiwa Si Yote Utakayolipa

Rafiki yako anauza ploti na amekupunguzia. Majirani wanauza milioni moja, yeye anataka KSh 800,000 tu. Na vile mnajuana tangu shule, nani atasumbuka na wakili? Hapo ndipo pesa huanza kuvuja.

Tuanze na ushuru wa stempu, maana huu hulipwa na mnunuzi. Ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa, na asilimia 2 kwa iliyo nje. Shika hilo neno thamani. Mthamini wa serikali hajui urafiki wenu. Akisema ploti ni ya milioni moja, utalipa 40,000, si ile 32,000 uliyopiga hesabu ukitumia bei ya kirafiki.

Kisha uliza kuhusu reti za kaunti. Kama hajalipa kwa miaka kadhaa, deni linakaa na ploti. Bila cheti cha kuonyesha reti zimelipwa, uhamisho hausongi, na kwa wakati huo wewe ndiye mwenye haraka. Kama ni shamba la kilimo, mtahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Kuna kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Hiyo ni ya muuzaji. Ila kwa marafiki utasikia, "hayo mengine utamalizia, bro," na hivyo ndivyo watu hubeba mzigo wa KRA usio wao. Andikeni mapema nani analipa nini. Sheria yenyewe inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi, hata kama mmelelewa nyumba moja. Kwa hivyo pesa ya wakili iweke kwa bajeti, pamoja na ya mpimaji wa kukuonyesha mawe ya mipaka.

Ukilipa kwa simu, angalia jina linalotokea: liwe la mtu aliye kwenye hatimiliki, si la shemeji yake. Usifute meseji za malipo, na omba risiti yenye sahihi kwa kila awamu. Lakini kabla hata shilingi ya kwanza haijatoka, tafuta rekodi rasmi ya hiyo hatimiliki. Unaweza kukuta ploti iko benki kama dhamana ya mkopo, na rafiki "alisahau" kukuambia.