Je, Wajua? Kivuli cha Mwezi, kutoka Biharwe hadi Bonde la Ufa

Wazee husimulia mchana uliogeuka usiku. Mkokotoaji hukaa na kalamu, au siku hizi kompyuta, akauliza: mwaka gani, saa ngapi, na kivuli kilipita wapi? Haya ndiyo machache ya kujua kabla hujabishana naye.

1. Je, wajua kuwa jua hupatwa siku za mwisho wa mwezi mwandamo tu, pale mwezi unapokuwa hauonekani kabisa? Simulizi ikisema jua lilizimika mchana na jioni yake mwezi mpevu ukang'aa, basi visa viwili vimeunganishwa kimoja. Hilo ndilo chujio la kwanza, na halihitaji hesabu yoyote.

2. Mahali pamoja duniani hungoja miaka 375 hivi, kwa wastani, kati ya giza kamili moja na lingine. Nchi nzima haingoji hivyo. Kivuli kikuu cha mwezi kilikanyaga ardhi ya Kenya tarehe 14 Januari 1926, 30 Juni 1973, 16 Februari 1980 na 3 Novemba 2013. Hizo ni angalau mara nne kabla ya miaka 90 kutimia.

3. Mwaka 1973 wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani, ufukweni mwa ziwa lililokuwa bado likiitwa Rudolf. Jina la Turkana lilikuja 1975. Miongoni mwao walikuwapo watafiti wa taji la jua kutoka Boulder, Colorado. Nakuru, iliyo kusini kwa kilomita kama 345 kwa mstari ulionyooka, iliona jua likimegwa tu. Giza kamili halikufika.

4. Siku hiyohiyo ya 30 Juni 1973 ndege ya Concorde iliruka kutoka Visiwa vya Kanari, ikaingia ndani ya kivuli na kukifuata juu ya Sahara kwa dakika 74. Aliyesimama ardhini mahali pazuri kuliko pote alipata dakika 7 na sekunde 4 hivi.

5. Je, wajua kwa nini watu wa ikweta hupendelewa? Dunia yetu huzunguka kuelekea mashariki, na kivuli cha mwezi nacho hukimbilia mashariki. Kwenye ikweta ardhi husafiri kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo kivuli huchelewa kumpita mtu. Karibu na ncha za dunia msaada huo haupo.

6. Kupatwa kwa jua kuna ukoo. Baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hurudia karibu mpangilio uleule. Wanafalaki huita kipindi hicho Saros. Zile saa 8 za ziada huipa dunia nafasi ya kuzunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo mrudio huangukia bara jingine. Ukisubiri vipindi vitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, ukanda hurejea upande uleule wa dunia.

7. Kenya ni ushahidi. Kupatwa kwa Januari 1926, kulikopita Uganda na Kenya, na kule kwa Februari 1980, kulikopita maeneo ya Taita na pwani, ni ndugu wa ukoo mmoja. Vipindi vitatu kamili vinawatenganisha.

8. Kule kwa 1973 nako kuna mzazi mashuhuri: kupatwa kwa 29 Mei 1919, ambako Arthur Eddington alikupigia picha kisiwani Principe ili kupima kama mwanga wa nyota hupindwa na jua, kama Einstein alivyodai. Ukanda ule uliendelea kukata Afrika ya Kati hadi upande wa Ziwa Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji. Miaka 54 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliurudia upimaji huo huko Chinguetti, Mauritania, chini ya kivuli kilekile kilichofika Loiyangalani.

9. Je, wajua kuwa saa ya mkononi na jua la Nakuru havipatani? Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45, inayopita Somalia. Nakuru iko kwenye digrii 36 hivi, na kila digrii ni dakika 4. Kwa wastani, basi, jua hufika kileleni Nakuru saa sita na dakika 36. Mzee akikuambia giza liliingia jua likiwa katikati ya mbingu, usiandike saa sita kamili.

10. Kukokotoa kupatwa kwa zamani kuna mtego mmoja mkubwa: dunia inapunguza mwendo. Hasa kwa sababu ya msuguano wa maji kupwa na kujaa, siku hurefuka kwa takriban milisekunde 1.8 kila karne. Ni kidogo mno, lakini hulimbikizana. Kibao cha Babeli kinaeleza giza kamili la 15 Aprili 136 KK. Ukikokotoa ukidhani siku ilikuwa na urefu wa leo, ukanda unakwenda kombo kwa digrii 48.8 na kuangukia magharibi ya Mediteranea.

11. Ilete hesabu hiyo nyumbani. Kwenye ikweta, kukosea mzunguko wa dunia kwa sekunde moja husogeza ukanda mita 463. Kosa la dakika 3 ni kilomita 83, kiasi kilekile ambacho Nairobi imeizidi Nakuru kuelekea mashariki. Kwa matukio ya karne ya 16, marekebisho yanayohitajika ni ya dakika chache za namna hiyo.

12. Na karne ya 16 ina kisa chetu. Simulizi za Bunyoro na Nkore zinasema mfalme Olimi wa Bunyoro alivamia Nkore na kuteka ng'ombe. Alipofika Biharwe, karibu na Mbarara ya leo, jua likazimika mchana. Jeshi likaingiwa na hofu, likarudi kwao na kuwaacha ng'ombe nyuma. Tarehe inayokubaliwa na wengi ni 17 Aprili 1520, na leo kuna mnara wa ukumbusho huko Biharwe.

13. Kwa nini tarehe moja iwe na uzito hivyo? Kwa sababu falme za Maziwa Makuu zilihifadhi orodha za wafalme bila miaka. Ukimfunga Olimi kwenye 1520, unawafunga pia waliopigana naye na waliotawala pamoja naye. Ndiyo maana watu wamebishana: mwaka 1963 mwanahistoria John Milner Gray alipendekeza 1492. Ukubali 1492, na historia nzima ya eneo hilo inarudi nyuma karibu kizazi kizima.

14. Biharwe na Nakuru ziko karibu latitudo moja, kusini kidogo tu ya ikweta, zikiachana kwa digrii tano na kitu za longitudo. Kosa la mzunguko wa dunia husogeza kivuli mashariki au magharibi peke yake. Kwa hiyo kosa la dakika 21 hivi lingetosha kukitoa kivuli cha Olimi Nkore na kukileta Nakuru, katika Bonde la Ufa.

15. Mwaka 1887 kilichapishwa kitabu cha Theodor von Oppolzer wa Austria, chenye hesabu za kupatwa kwa jua 8,000, kuanzia 1208 KK. Wasaidizi wake walifanya kazi hiyo kwa mkono. Lakini ramani zake zilichorwa kwa kuunganisha nukta tatu tu kwa tao: mawio, adhuhuri na machweo. Atakayeipima tarehe ya kijiji kwa ramani hizo anaweza kupotea kwa mamia ya kilomita. Orodha ya Fred Espenak na Jean Meeus ya 2006 ina kupatwa 11,898 katika miaka 5,000.

16. Je, wajua kuwa mwinuko nao huingia kwenye hesabu? Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, ukanda uliokokotolewa kana kwamba uko ufukweni Mombasa utakosea Nakuru kwa kilomita 3.2. Anayesimama ukingoni mwa ukanda anaweza kulikosa giza kwa sababu hiyo pekee.

17. Si kila kupatwa huleta giza. Tarehe 15 Januari 2010 mwezi ulikuwa mbali na dunia, ukashindwa kulifunika jua lote. Nairobi iliona pete ya moto kwa karibu dakika 7 asubuhi, na mchana ukabaki mchana. Simulizi inayotaja nyota na kuku kuingia bandani inazungumzia giza kamili.

18. Jamii za Wakalenjin zina marika yanayozunguka kwa majina: Maina, Chumo, Sawe na mengineyo. Tukio likitajwa pamoja na rika lililokuwa likitahiriwa, mkokotoaji hupunguziwa karne nzima kuwa miaka michache. Hapo orodha ya falaki humalizia kazi.

19. Ndugu mdogo wa kupatwa kwa 1973 anakuja tarehe 2 Agosti 2027. Ukanda wake utapita Luxor, ambako giza litazidi dakika 6, kisha Makka, hadi ncha ya Somalia. Kenya tutaona jua likimegwa tu. Tafuta miwani maalumu ya kutazamia jua. Miwani ya kawaida ya giza haikingi macho.

20. Kabla ya siku hiyo, muulize babu au bibi alikuwa wapi mwaka 1973 au 1980. Andika mambo matatu: alisimama wapi hasa, jua lilikuwa upande gani wa mbingu, na kama nyota zilionekana. Hesabu inaweza kukagua majibu hayo kwa dakika. Walioyaona hayo wanazidi kupungua kila mwaka, kwa hiyo uliza sasa.