CHIPU YA BEI CHINI: TUHESABU MBELE YA KUNUNUA



Wengi wanaulizia ile kengele yenye kujipiga ambayo sisi mafinalisti tuliahidi. Kila mmoja wetu alitoa franka 1 000, na mimi kapita njo niliyechagua kitu cha kununua. Sitaficha: feza ya kwanza ilipotea bure. Nilitafuta chipu ya bei chini kabisa, nikaagiza 20. Zilipofika, hatukuwa na chombo cha kuandika programu ndani yake. Mpaka leo ziko katika kopo. Ninaeleza kosa langu ili wale watakaobaki wasilirudie.

Mikrokontrola ni nini? Ni ordinatere ndogo sana katika kipande kimoja. Haina kioo wala vifungo vya kuandikia. Inasoma saa, joto ao kifungo, kisha inatoa amri: washa, zima, piga kengele. Lakini ikitoka kiwandani iko bubu. Inapashwa kuandikiwa programu, na hapa njo gharama ya kweli inaanza.

Basi, mbele ya kununua, tuulize maulizo matatu: Chipu yenyewe ni bei gani? Inaandikiwa kwa chombo gani? Na tukikosea, tunaweza kufuta? Tuangalie mifano.

1. PMS150C ya Padauk, kampuni ya Taiwan. Bei yake ilijulikana kuwa karibu senti 3 za dola, ukinunua nyingi. Ni kati ya zile za bei chini sana. Lakini inaomba mashine yake ya kuandikia, yenye kupita bei ya chipu mia nyingi. Tena inaandikwa mara moja tu. Ukikosea alama moja, unatupa. Sisi wenye kujifunza tunakosea kila siku!

2. CH32V003 ya WCH, kampuni ya China. Ilitoka mwaka 2022, kwa bei ya chini ya senti 10 kwa wenye kununua nyingi. Hii inafutika na kuandikwa tena, na programu za kuitengenezea ni za bure. Lakini inaomba kifaa kidogo cha kuunganisha na ordinatere, na miguu yake ni midogo sana. Asiyezoea kuchomelea risasi atateseka.

3. Arduino Uno. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi kama sisi. Uno ya asili inapita dola 20, lakini ramani zake ni wazi kwa wote, kwa hiyo kuna nakala za bei ndogo. Programu yake ni ya bure, na mifano iko mingi kuliko zote.

4. Raspberry Pi Pico. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4. Haiombi mashine yoyote ya kuandikia. Unafinya kifungo chake kimoja, unaingiza waya ya USB, na ordinatere inaiona kama flashi. Unatia MicroPython ndani, kisha unaandika kwa Thonny, programu ya bure yenye kutumika hata bila intaneti. Mtu mmoja akiiteremsha mjini, wote tunanakili.

Je, ile ya senti 3 ni mbaya? Hapana. Mwenye kuunda taa 1 000 za kuuzisha anunue mashine mara moja, na kila senti itamrudishia faida. Kati ya chipu ya senti 10 na Pico ya dola 4 kuna tofauti ya dola 3,90; mara 1 000 ni dola 3 900. Lakini sisi tunataka kengele moja. Kwa kengele moja, chombo kinakula feza kuliko chipu.

Kwa hiyo tumekata shauri: Pico moja, pamoja na saa ya DS3231. Hiyo saa ina betri yake ndogo. Umeme ikikatika, haisahau saa, na kwa mwaka inapotea karibu dakika moja tu. Tuangalie vema: Pico inatoa amri kwa volti 3,3 tu. Kengele ya volti 220 itapita kwa rele, na mwalimu wa umeme njo atakayeifunga. Mwanafunzi asiguse.

Katika Luka 14 Bwana anasema juu ya mtu mwenye kujenga mnara, asiyekaa kwanza kuhesabu gharama, watu wakamcheka. Nilisoma hayo mara nyingi, lakini sikufikiri kwamba yanahusu chipu pia.

Kopo la zile 20 nitaliacha kwa klabu. Siku moja mtu akipata chombo chake, azitumie. Mwenye ulizo aje anione kisha masomo.

Kapita wa wanafunzi