Mama Mwalimu Anaposoma: Mzigo Upi Utuliwe Kwanza?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza na familia zenye mtu anayefundisha na kusoma kwa wakati mmoja. Zamani familia za namna hiyo zilikuwa chache parokiani. Siku hizi ni nyingi. Yupo kijana wa chuo aliyetumwa kijijini kwa majuma machache ya mazoezi ya kufundisha. Yupo mwenye shahada ya fani nyingine ambaye sasa anasomea stashahada ya uzamili ya ualimu. Yupo pia mwalimu wa miaka mingi anayetafuta shahada ya uzamili huku mshumaa wa nyumba yake ukiwaka hadi usiku wa manane. Wote hao wana watoto wa kulisha, wazazi wa kutunza na maji ya kuteka.

Sisi wauguzi tunakutana nao wakiwa wamechelewa. Ndiyo maana tumeona tuandike mapema.

Mgonjwa wetu kutoka Arash

Wanaoijua Arash, katika Tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, wanajua kuwa mwalimu wa huko hana kazi moja. Ni nchi ya wafugaji. Nyumba ziko mbali mbali, maji huletwa na punda, na gari la kwenda Wasso si la kila saa.

Siku moja alikuja kwetu mama wa watoto wawili. Tumebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alikuwa na shahada yake ya kwanza, akijitolea kufundisha huku akisomea stashahada ya uzamili ya ualimu kwa masafa. Wakati huo alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, akimsubiri mkufunzi wa kumkagua. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akipata homa inayokuja na kuondoka. Usiku alitoka jasho hadi shuka kulowa. Kiuno na magoti vilimuuma kama vya bibi kizee. Mara mbili alinunua dawa za malaria dukani bila kupimwa, na kila siku alimeza vidonge vya kutuliza maumivu.

Tulipomwuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu: "Yeyo, ni masomo tu haya. Nikimaliza mazoezi nitapumzika."

Tulimwomba atueleze siku yake. Aliamka saa 11 alfajiri, akawasha moto, akawaandaa watoto. Saa 2 asubuhi alikuwa darasani. Jioni alisahihisha madaftari, akapika, akaogesha watoto. Saa 4 usiku nyumba ilipotulia, alianza kuandika andalio la somo la kesho, kisha akafungua vitabu vyake mwenyewe. Alilala saa 7. Kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa saa 4 tu, tena kwa miezi. Asubuhi hakula kitu ila maziwa mabichi kutoka kibuyu cha mama mkwe, kwa sababu hayo hayahitaji kupikwa.

Vipimo vilionyesha kuwa hakuwa na malaria, na masomo hayakuwa ndiyo chanzo cha homa yake. Alikuwa na brusela, ugonjwa uleule ambao wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika kwa mikono mitupu mfugo anayezaa, kondo la nyuma au ndama aliyetupwa. Hutibika, lakini dawa zake ni za aina zaidi ya moja na kwa kawaida huchukua majuma 6. Usipotibiwa unaweza kuharibu viungo na uti wa mgongo, na kwa mama mjamzito unaweza kuharibu mimba.

Mwalimu yule alilia. Hakulilia ugonjwa, alililia mwaka wake wa masomo. Tulimsaidia kupata cheti cha daktari, akakiandikia chuo chake barua, na mazoezi yakasogezwa mbele. Alipona, na baadaye akamaliza. Lakini tulijiuliza: ni wangapi walio nyumbani sasa hivi wakisema "ni masomo tu"?

Kile tunachokitua kwanza

Mtu akibeba mizigo mitatu, lazima atue mmoja. Hilo si kosa. Kosa ni kutua bila kuchagua. Tumeona kwamba mwalimu anayesoma hatui kazi ya shule, kwa sababu anakaguliwa. Hatui masomo, kwa sababu amelipa ada. Hatui nyumba, kwa sababu watoto wanalia. Anachokitua kimya kimya ni usingizi, kisha chakula cha asubuhi, kisha kliniki. Yaani anautua mwili wake mwenyewe, na huo ndio unaobeba hivyo vingine vyote.

Sisi nasi hatuna haki ya kumcheka. Tulipokuwa tukisomea stashahada huku tukifanya zamu za usiku, ilitokea tukapima dawa ya mtoto mara mbili ya kiasi kilichoandikwa. Mwenzetu wa zamu ndiye aliyeona sindano kabla haijamfikia mtoto. Hatukuwa wavivu wala wajinga. Tulikuwa na usingizi. Tangu siku hiyo tumeheshimu usingizi kama tunavyoiheshimu dawa.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa usiku. Katika usingizi ubongo huhifadhi yale uliyosoma mchana. Anayekesha ili asome zaidi anafanana na mwenye kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka: anateka sana, anafika na kidogo.

Walimu wa UPE walifanyaje?

Jambo hili si geni nchini kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilitaka kila mtoto aanze shule, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha vijijini na kusomea ualimu papo hapo. Zaidi ya 30,000 walihitimu kwa njia hiyo. Baadhi ya wazee wetu parokiani ni wa kundi hilo.

Wengi wamebishana juu ya ubora wa mafunzo yale. Sisi tunataka kutazama jambo moja tu: masomo yao yaliwekwa ndani ya ratiba ya kazi. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine wakajifunza chini ya mwalimu mlezi, wakisaidiwa na masomo ya posta na vipindi vya redio. Mwishoni walikaa chuoni kwa majuma machache. Kusoma kulihesabiwa kuwa kazi, nako kukapewa saa zake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kimewafungulia wengi mlango wa kusoma bila kuacha kazi wala familia. Ni neema kubwa. Lakini chuo cha masafa hakimpangii mtu saa za kusoma nyumbani kwake. Hizo hatuna budi kuzipanga sisi wenyewe, mume, mke, watoto na wakwe tukiwa pamoja.

Hesabu ya juma

Chukua karatasi. Juma lina saa 168. Kata kwanza usingizi: saa 7 mara siku 7 ni 49. Shule pamoja na maandalio na kusahihisha, tuseme 45. Kazi za nyumbani, tuseme 35. Zimebaki 39. Humo weka saa 12 za masomo yako. Zinabaki 27 kwa ajili ya njia, ibada, wageni, misiba na kupumzika.

Labda hesabu yako itakuwa tofauti. Lakini ukiona imegoma, usizikate zile 49. Kata kwingine, au soma masomo machache zaidi muhula huu. Kumaliza mwaka mmoja baadaye si aibu.

Ushauri wetu

1. Soma kungali mchana. Mwombe mwalimu mkuu ubaki shuleni saa moja baada ya vipindi. Saa moja ya jioni ukiwa macho inashinda saa tatu za usiku ukisinzia. Tena huhitaji koroboi, ambayo moshi wake huumiza kifua na ambayo imeunguza watoto wengi.

2. Usitegemee kahawa wala vinywaji vya kuchangamsha. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini. Ukiinywa jioni unaukimbiza usingizi wa usiku.

3. Kula asubuhi. Uji, viazi, au kiporo cha maharage kilichopashwa moto vizuri vyatosha. Chai inywe mbali na mlo, walau saa moja, kwa sababu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata katika chakula. Mwanamke mwenye damu pungufu huchoka hata akilala vizuri.

4. Chemsha maziwa, yote, ya ng'ombe na ya mbuzi, hadi yapande na kuchemka. Ukitaka mgando, gandisha yaliyochemshwa. Kuchachuka peke yake si kinga ya kutegemea. Tunajua kuwa mgeni hukaribishwa kwa maziwa, na hatutaki kuvunja heshima hiyo. Yakichemshwa bado ni heshima.

5. Tarehe za kliniki ziandikwe kwenye ratiba kabla ya tarehe za mitihani. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza kabla ya majuma 12.

6. Mama anyonyeshaye asiache kwa sababu ya mazoezi. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi, yakawekwa mahali pa baridi kwenye chombo safi chenye mfuniko, yanafaa kwa saa 4. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa mazoezi si mwajiriwa, lakini mwalimu mkuu mwenye busara atajua la kufanya.

7. Usijitibu kwa vidonge vya maumivu kila siku. Vingi huchubua tumbo. Watu husema vidonda vya tumbo huletwa na njaa na mawazo, lakini visababishi vikubwa ni bakteria na dawa hizo hizo za maumivu.

Njoo hospitali usisubiri

Usiseme "ni masomo tu" ukiona mojawapo ya haya:

- Homa inayokuja na kuondoka, au jasho jingi la usiku.
- Kikohozi cha majuma 2 au zaidi, au kupungua uzito. Hapo yafaa upimwe kifua kikuu.
- Kuhema au moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, na viganja kuwa vyeupe.
- Kuchoka ambako hakuondoki hata baada ya likizo.
- Huzuni ya majuma 2 mfululizo, kukosa hamu ya mambo yote, au wazo la kutaka kufa. Huo pia ni ugonjwa, una tiba, na wazo la kufa ni la kuletwa siku hiyo hiyo.

Mama mjamzito mwenye homa, maumivu makali ya kichwa au damu aletwe mara moja.

Neno kwa wenye nyumba

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukimwona mke anasoma, tunadhani amekaa tu. Baba, mwalimu akiwa na kitabu mkononi, yuko kazini. Chukua ndoo, ogesha watoto, sonyoa mahindi. Hakuna kijiji kilichoanguka kwa sababu mwanamume alipika ugali. Mama mkwe, mbebe mjukuu kwa saa moja. Na mke ambaye mume wake ndiye anayesoma, naye amwambie wazi pale mzigo wa nyumba unapomzidi, kwa maana yeye pia huugua.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kusaidia zaidi ya michango ya ada. Kijana wa mazoezi akifika kijijini bila ndugu, mwonyesheni maji yalipo safi na zahanati ilipo, na mwalikeni kula Jumapili.

Akina mama wa Arash wanajua kumpakia punda. Dumu hili upande huu, dumu lile upande ule, na kamba ikazwe kabla ya safari. Upande mmoja ukizidi, hawampigi punda. Wanasimama, wanashusha, wanapanga upya, ndipo wanaendelea. Mwalimu wetu unayesoma, nawe simama jioni ya leo, uupange upya mzigo wako. Na kama homa ile bado inakurudia, kesho usiende shuleni. Njoo upimwe kwanza.