Kwa nini mto mdogo wa Katesh uligeuka kuwa maafa

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Jumapili, Desemba 3, 2023, wakazi wengi wa mji mdogo wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, walikuwa bado wamelala tope lilipovamia nyumba zao.

Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwa mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake na kurejea nchini.

Swali lililoulizwa na wengi siku zile ni moja: mto mdogo, ambao watu wameuzoea, ulipata wapi nguvu ya kusomba nyumba na magari?

Jibu linaanzia baharini. Mwaka huo kulikuwa na El Nino, yaani ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki, huku upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi nao ukiwa na joto kuliko kawaida. Hali hizo mbili zikikutana, pepo huleta unyevu mwingi Afrika Mashariki na mvua za vuli huzidi kiwango.

Jibu la pili liko mlimani. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni wa volkano, na baadhi ya wananchi walidhani umelipuka. Serikali ilieleza kuwa haukuwa mlipuko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kuhimili uzito, ikameguka.

Tope lililotokana na kumeguka huko lilifuata mkondo wa Mto Jorodom, likizoa mawe na miti, kisha likaangukia makazi yaliyo pembezoni mwa mto huo.

Hesabu ndogo inasaidia kuelewa. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo, mvua ya milimita 100 ikinyesha katika kilomita moja tu ya mraba huleta lita milioni 100. Ardhi ikiwa imeshashiba, sehemu kubwa ya maji hayo huteremkia kwenye korongo kwa wakati mmoja.

Yakichanganyika na udongo, maji huwa mazito zaidi na huweza kubeba mawe makubwa. Magogo nayo huziba madaraja na makalvati, na mkondo hutafuta njia mpya kupitia mitaani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hata hivyo, katika miji mingi midogo nyumba zimejengwa karibu kabisa na mikondo, hasa ile inayokauka kiangazi na kuonekana haina madhara.

Baada ya maafa, waathirika walijengewa nyumba mpya katika eneo la Waret.

Kwa wanaoishi chini ya milima, dalili ni hizi: maji ya mto kubadilika ghafla kuwa tope, kupungua ilhali mvua inaendelea, au mngurumo kutoka juu. Wakati huo mtu asikimbie kufuata mto, bali apande pembeni, mahali palipoinuka, na aache mali nyuma.