Katika Kuchagua Vitabu Bora vya Watoto

Twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni kuchagua vitabu vya watoto. Tuseme mwalimu amepewa fedha za kununua vitabu 10 tu, na darasani mwake mna watoto 80. Kila kitabu atakachokitwaa kitapita katika mikono mingi, na kila atakachokiacha yamkini watoto wale wasikione maisha yao yote. Je, mwalimu huyo amwulize nani? Vipo vitabu ambavyo mtu aweza kuvinyoshea kidole na kusema kwamba hivi ndivyo vilivyo bora kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kwa ajili ya watoto?

Wako waliojaribu kumjibu. Mwaka 2023 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liliwauliza watu 177 wenye ujuzi wa vitabu, kutoka nchi 56, kila mmoja ataje vitabu 10 anavyoviona bora. Hesabu ilipofanywa, cha kwanza kilikuwa Where the Wild Things Are cha Bwana Maurice Sendak wa Marekani, kilichotoka mwaka 1963. Cha pili kilikuwa kile cha Mwingereza Lewis Carroll juu ya Alice katika nchi ya ajabu, cha mwaka 1865. Cha tatu ni Pippi Långstrump cha Bibi Astrid Lindgren wa Uswidi, cha 1945. Cha nne ni Le Petit Prince cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, cha 1943. Na cha tano ni The Hobbit cha Bwana J. R. R. Tolkien, cha 1937.

Orodha hiyo si ya kudharauliwa, walakini yatupasa kuitazama vizuri kabla hatujaipokea kwa mikono miwili. Watu wale 177 walitaja vitabu zaidi ya 1,000. Maana yake ni kwamba wajuzi wenyewe, kila mmoja katika kikao chake, walikuwa mbali sana katika shauri hili, na kitabu kilichoshika nafasi ya kwanza hakikukubaliwa na wote, bali kilipata kutajwa mara nyingi kuliko vingine. Tena mtu hawezi kukichagua kitabu asichoweza kukisoma. Kitabu kizuri kilichoandikwa kwa Kiingereza husomwa London, Nairobi, Bombay na New York. Kitabu kizuri kilichoandikwa kwa Kimakonde, au hata kwa Kiswahili chetu kinachosemwa na mamilioni, hubaki nyumbani mpaka apatikane mfasiri. Kwa hiyo orodha za namna hii hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani uzuri wa kitabu na urefu wa safari yake, wala si rahisi kuyatenga.

Liko na jambo la pili, nalo ndilo linalotushughulisha zaidi. Waliopiga kura walikuwa watu wazima. Mtu mzima akiulizwa kitabu bora cha watoto hukumbuka kile alichosomewa na mama yake alipokuwa na homa, au humfikiria mtoto mwema ambaye angependa kumlea. Mtoto mwenyewe yuko uani akicheza, wala hana habari kwamba mambo yake yanaamuliwa.

Historia ya vitabu vile vilivyoshika nafasi za juu yaonyesha jinsi wakubwa wanavyoweza kukosea. Kitabu cha Bwana Sendak kina maneno 338 tu. Ni habari ya mtoto mtukutu, Max, aliyepelekwa kulala bila chakula. Akasafiri kwa mashua mpaka nchi ya mazimwi, akawa mfalme wao, kisha akatamani nyumbani, akarudi, akakuta chakula chake kinamngoja nacho kingali moto. Kitabu kilipotoka, wakubwa wengi wa Marekani walihofu kwamba kitawatia watoto jinamizi. Mwaka 1969 mtaalamu mashuhuri wa mambo ya akili za watoto, Bruno Bettelheim, alikilaumu gazetini, naye hakuwa amekisoma, bali alikuwa amesimuliwa tu! Sisi tuliolelewa kwa hadithi za zimwi, tukizisikia usiku taa imepunguzwa, twaona ajabu kidogo kusikia hofu hiyo. Mtoto hujua vizuri kwamba zimwi lipo, maana mara nyingine zimwi ni hasira yake mwenyewe. Anachotaka ni kuonyeshwa njia ya kurudi.

Bibi Lindgren naye alianza kumsimulia binti yake Karin habari za Pippi mwaka 1941, binti alipokuwa mgonjwa kitandani. Pippi ni msichana anayekaa peke yake bila baba wala mama, mwenye nguvu za kumwinua farasi. Mchapishaji wa kwanza aliyepelekewa maandiko yale aliyakataa. Hata kitabu kilipotolewa na mchapishaji mwingine, walitokea wakosoaji waliosema kwamba kitaharibu adabu za watoto. Nao watoto wa Uswidi walikinunua na kukisoma mpaka majalada yakang'oka.

Kisa kinachotupendeza kuliko vyote ni cha The Hobbit. Mwaka 1936 mchapishaji Stanley Unwin wa London alipoletewa maandiko ya kitabu hicho, alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, ayasome. Kwa kazi hiyo alimlipa shilingi moja. Mtoto aliandika taarifa yake, akasema kwamba kitabu ni kizuri na kitawafaa watoto wa miaka 5 mpaka 9. (Yeye mwenyewe, bila shaka, alikuwa mtu mzima wa miaka 10.) Kitabu kikachapwa. Twadhani katika biashara yote ya vitabu haikupata kutumiwa shilingi kwa faida kubwa kama ile.

Kinyume cha kisa hicho ni kile cha maktaba kuu ya mji wa New York. Bibi Anne Carroll Moore aliisimamia kazi ya vitabu vya watoto huko tangu mwaka 1906 kwa muda mrefu, naye alifanya mema mengi. Watoto waliozoea kufukuzwa katika maktaba walifunguliwa vyumba vyao wenyewe. Lakini mwaka 1947 kilipotoka Goodnight Moon cha Bibi Margaret Wise Brown, kitabu kidogo cha kumwaga mtoto kila kitu kilichomo chumbani kabla hajalala, Bibi Moore hakukipenda. Ijapokuwa wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, neno lake lilikuwa na nguvu bado, na maktaba ile haikukiweka kitabu hicho rafuni mpaka mwaka 1972. Mwaka 2020 maktaba ilipotangaza vitabu vilivyoazimwa mara nyingi kuliko vyote katika miaka yake 125, cha kwanza kilikuwa The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichoazimwa mara 485,583, nacho ni habari ya mtoto mweusi anayecheza katika theluji. Goodnight Moon hakikuwamo katika kumi la kwanza, na wenye maktaba walieleza wenyewe sababu yake, kwamba kilikosa miaka 25 ya kuhesabiwa. Basi mtu mmoja, mwenye elimu na mapenzi mema, aweza kusimama mlangoni kati ya kitabu na watoto wa mji mzima.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Bwana Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alifasiri kwa Kiswahili vitabu kadha wa kadha vya Kiingereza, na kimoja ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiswahili chake ni kizuri, na kisa kinakwenda mbio. Hata hivyo mtoto wa Kiafrika akisoma humo huona nchi yake kwa macho ya mwindaji aliyetoka mbali, naye mwenyewe, akijitafuta katika kurasa, mara nyingi hujikuta amebeba mzigo. Hatusemi kwamba kitabu hicho kisisomwe. Twasema kwamba kisiwe cha kwanza katika vile 10, wala kisiwe peke yake.

Mwaka 1940 Alice alipata kusema Kiswahili, akaitwa Elisi, katika Elisi katika Nchi ya Ajabu. Wachapishaji walifanya jambo la busara, maana katika picha Elisi alichorwa kama msichana wa Kiafrika. Lakini mfasiri hakuweza kuchora upya kila kitu. Sehemu kubwa ya mzaha wa Carroll ni kuyapotosha mashairi ambayo watoto wa Kiingereza wa zama zake walilazimishwa kuyahifadhi shuleni. Mtoto wa London alicheka kwa kuwa alilijua shairi la kweli na alikuwa amechoshwa nalo; mtoto wa Tanga halijui, basi acheke nini? Mzaha wa namna hiyo hausafiri vizuri. Kinachosafiri ni shimo la sungura, na msichana anayerefuka na kufupika, na malkia anayeamuru watu wakatwe vichwa. Hayo hayahitaji kufafanuliwa popote. Le Petit Prince kwa upande wake kimesafiri kwa wepesi zaidi, nasi twaweza kukisoma kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme, kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota.

Tena zipo hadithi ambazo hazikungoja mfasiri. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London hadithi alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja. Humo mna kima na papa waliofanya urafiki. Papa akamkaribisha kima kwao, akamchukua mgongoni, na walipofika katikati ya bahari akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, kwa maana wao kima huiacha mioyo yao juu ya miti; warudi wakauchukue. Hadithi hiyo ilitoka Bara Hindi zamani sana, ikapita kwa Waajemi na Waarabu, ikafika pwani yetu. Kila mahali ilipopita iliwekwa mbele ya watu ambao wangeliweza kusinzia, nao hawakusinzia. Orodha ya watu 177 ni kipimo kidogo mbele ya hicho. Kama tungeambiwa kuchagua kati yake na Elisi kwa darasa la mwalimu wetu, tungemtwaa kima bila kusitasita, na Elisi tungemngojea mwaka wa pili.

Lakini haitoshi kuchagua vizuri katika vilivyopo, ikiwa vilivyopo ni vichache. Mchapishaji huogopa kuchapa kitabu cha watoto kwa kuwa wazazi wengi hawana fedha ya kununua, na mzazi hanunui kwa kuwa dukani hakuna. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991 ulilikata fundo hilo kwa namna nyepesi: uliwafundisha waandishi na wachoraji, kisha ukanunua sehemu ya nakala zilizochapwa na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji akawa na uhakika wa kuuza kabla ya kupiga chapa.

Mwalimu wetu angali anangoja na fedha zake. Sisi tulisoma katika shule yenye kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli. Siku ya mgeni mkubwa kabati lilifunguliwa, na vitabu vilikuwa vipya vinang'aa, kwa kuwa hapana aliyepata kuvigusa. Nje ya kabati kilikuwako kitabu kimoja kilichokosa jalada na kurasa za mwisho, kilichopita mikononi mwa darasa baada ya darasa, hata kila mmoja wetu alikuwa na mwisho wake aliojitungia. Tangu siku zile, tukiingia katika maktaba ya watoto, hutafuta kwanza vitabu vilivyochakaa.

Basi, mwalimu, kabla ya kununua, azima kitabu kimoja kimoja, ukisome kwa sauti mbele ya watoto. Usiwaulize kama wamekipenda, maana watoto wenye adabu watajibu ndiyo. Funga kitabu katikati, pale kima angali mgongoni mwa papa, useme kwamba saa imekwisha. Wakinyanyuka kwenda kucheza, kirudishe ulikokitoa. Wakikaa palepale wakipiga kelele, kiandike katika orodha yako. Tazama pia ukubwa wa kitabu. Bibi Beatrix Potter, aliyekichapa Peter Rabbit kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1901 baada ya wachapishaji kumkataa, alishikilia kiwe kidogo, kienee katika mikono midogo, na bei yake isiwe kubwa. Chagua hivyo vitabu 9. Fedha ya kile cha 10 uwape watoto wawili au watatu, uende nao dukani, usimame nje.