Kusafisha Paa la Mabati Kabla ya Kupaka Rangi

Mapaa ya mabati ya Unguja, mjini na mashamba, yana adui wawili: mvua na chumvi ya bahari iletwayo na upepo. Rangi ikipakwa juu ya chumvi, kutu huendelea kula bati chini yake, kisha rangi hubambuka. Fedha na kazi hupotea bure. Basi mwenye nyumba na afuate haya:

1. Kazi ifanywe masika yakiisha, paa likiwa kavu.

2. Kwanza auondoe mfereji uendao katika tangi la maji ya kunywa. Asiurudishe mpaka rangi ikauke na mvua ya kwanza ilioshe paa.

3. Akanyage penye misumari tu, maana hapo ndipo penye mbao chini.

4. Afagie majani na kuvu, na kutu aisugue kwa brashi ya waya. Pasipo kutu pasisuguliwe kwa waya, asije akaondoa zinki ilindayo bati.

5. Aoshe paa lote kwa maji yasiyo na chumvi. Likikauka, apake upesi rangi ya kuzuia kutu, kabla chumvi haijarudi.

Rangi yenye risasi isitumiwe kamwe. Risasi ni sumu, na maji ya paa ndiyo wanywayo watoto.